Rufani ya kesi ya mauaji iliyochelewa kusikilizwa: mwongozo kamili kwa mfungwa na ndugu zake

Watanzania husema jinai haiozi, na kwa kosa la mauaji ya kukusudia msemo huo ni sheria kamili, kwa sababu hakuna muda wa ukomo ambao ukipita Jamhuri haiwezi tena kumshtaki mtu. Anaweza kukamatwa miaka kumi baada ya tukio, akakaa mahabusu miaka mingine sita akisikia kila baada ya wiki mbili kwamba upelelezi haujakamilika, kisha akasimamishwa mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa, ambayo ndiyo adhabu pekee iliyowekwa na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Mtu huyo akishika kalamu kuandika hoja zake za rufani, jambo la kwanza linalomjia ni lile lililomuumiza zaidi: kwamba kesi yake ilichelewa mno.

Kwa bahati mbaya, hoja hiyo ikisimama peke yake huanguka. Katiba, katika Ibara ya 107A(2)(b), inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, lakini hakuna kati ya ibara hizo inayosema kwamba aliyecheleweshewa kesi aachiwe. Mahakama ya Rufani huuliza swali jingine: ucheleweshaji huo uliharibu nini katika ushahidi au katika uwezo wa mshtakiwa kujitetea? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo, na unafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za mwenendo wa jinai, ingawa rufani za Mahakama Kuu yake nazo kwa kawaida huishia katika Mahakama hiyohiyo ya Rufani.

Tahadhari moja kabla ya kuanza. Nambari za vifungu zinazotajwa hapa ni zile zilizozoeleka katika hukumu za mahakama kwa miaka mingi. Toleo la Marekebisho la Sheria la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limepanga upya nambari katika sheria kadhaa, ikiwemo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa hiyo kabla hujaandika kifungu katika hati yoyote hakikisha unajua ni cha toleo lipi, na ukiweza litaje toleo lenyewe.

Hatua ya kwanza: notisi ya rufani ndani ya siku 30

Rufani dhidi ya hukumu ya Mahakama Kuu huanzishwa kwa notisi, wala si kwa hoja. Kanuni ya 68 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inataka notisi iwasilishwe kwa Msajili wa Mahakama Kuu, pale hukumu ilipotolewa, ndani ya siku 30 tangu siku ya hukumu. Fomu yake ni fupi: jina la mrufani, nambari ya kesi, jina la Jaji, tarehe ya hukumu, kosa, adhabu, na kama rufani ni dhidi ya hatia, adhabu, au vyote viwili. Kwa aliyehukumiwa kunyongwa, mkazo huwekwa kwenye hatia, kwa kuwa adhabu hiyo ni ya lazima na hatia ikitenguka nayo hutoweka.

Mfungwa hahitaji kwenda mahakamani kuipeleka. Kanuni ya 75 inamhesabu kuwa ametimiza wajibu wake pale anapoijaza fomu na kuikabidhi kwa mkuu wa gereza ndani ya muda. Kwa hiyo jambo la kulisimamia ni tarehe ya makabidhiano. Ndugu wanaomtembelea wahakikishe kwamba notisi ina sahihi au dole gumba la mfungwa, sahihi ya ofisa aliyeipokea, muhuri wa gereza na tarehe inayosomeka, na kwamba nakala moja imebaki kwa mfungwa. Tarehe iliyofifia kwenye muhuri huleta maombi ya kuongezewa muda ambayo yasingehitajika kabisa.

Makosa madogo katika notisi, kama kukosea nambari ya kesi au tarehe ya hukumu, yaliwahi kuzigharimu rufani nyingi. Siku hizi Mahakama ina moyo wa kuyasahihisha kwa sababu sheria inaitaka iangalie kiini cha haki kuliko ufundi, lakini si busara kuijaribu.

Aliyehukumiwa na Hakimu Mkazi mwenye mamlaka ya ziada, kama inavyotokea pale Mahakama Kuu inapohamisha kesi ya mauaji kwa hakimu wa namna hiyo, naye hukata rufani moja kwa moja Mahakama ya Rufani, kana kwamba amehukumiwa na Jaji.

Ikiwa siku 30 zimeshapita

Usikate rufani iliyochelewa. Omba kwanza muda. Maombi huanzia Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, na yakikataliwa huko yanaweza kupelekwa Mahakama ya Rufani chini ya Kanuni ya 10, ambayo inadai sababu ya msingi. Ukikataliwa mara ya kwanza usiache siku zilale, kwa maana kila siku utakayoipoteza itabidi uje uieleze.

Msimamo wa Mahakama juu ya jambo hili ni mkali na unajulikana. Katika kesi ya Bushiri Hassan ilisemwa kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, na katika kesi ya Lyamuya Construction zikawekwa vigezo vinavyonukuliwa hadi leo: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, kipindi hicho kisiwe kirefu kupita kiasi, aonyeshe kuwa hakuzembea, na kama kuna kasoro kubwa ya kisheria katika hukumu yenyewe, hiyo nayo inaweza kuwa sababu. Hizo zilikuwa kesi za madai, ila vigezo vyake hutumika pia katika jinai.

Mfungwa ana hoja ambayo mtu aliye huru hana: yeye hajipeleki popote, na kila karatasi yake hupitia mikononi mwa ofisa magereza. Mahakama imeitambua hali hiyo mara nyingi, lakini haiichukui kwa maneno matupu. Kiapo cha mfungwa kiambatane na kiapo cha ofisa wa gereza kinachoeleza notisi ilipokelewa lini na kwa nini haikufika. Kama mfungwa alihamishwa gereza, aeleze alihamishwa kutoka wapi kwenda wapi na tarehe gani. Kama alilazwa, hati za zahanati ya gereza ziwepo.

Hatua ya pili: kupata kumbukumbu za rufani na kuzikagua

Baada ya notisi, kazi ya kuandaa kumbukumbu za rufani ni ya Msajili, wala mrufani hatozwi chochote. Kumbukumbu hizo hufungwa kama kitabu chenye hati ya mashtaka, mwenendo wote, vielelezo vilivyopokelewa, hukumu na notisi. Katika kesi zilizochelewa, hapa napo huwa na kungoja kwingine, na barua ya ukumbusho kwa Naibu Msajili kila baada ya miezi kadhaa, yenye nambari ya kesi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ni kazi ambayo ndugu wanaweza kuifanya bila wakili.

Kitabu kikifika, usikimbilie hukumu. Anza na kuhesabu: je, ushahidi wa kila shahidi aliyetajwa kwenye hukumu upo? Je, vielelezo vyote vipo na vinasomeka? Je, kesi ndogo ndani ya kesi, iliyofanyika kuamua kama maelezo ya onyo, yaani yale mshukiwa aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, yapokelewe, imeandikwa yote? Je, mwenendo wa mahakama ya chini, ambako maelezo ya mashahidi yalisomwa kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu, umewekwa? Jarada lililokaa miaka kumi hupoteza kurasa, na pengine hupotea lote. Ukikuta pengo, mwandikie Msajili mara moja kwa kutaja kurasa. Kumbukumbu zikithibitika kupotea, Mahakama kwa kawaida huagiza kwanza juhudi za kuziunda upya kutokana na nakala za pande zote, kwa hiyo usidhani kwamba jarada lililopotea ni mlango wa kutokea. Kila nakala aliyokuwa nayo mshtakiwa mahabusu, hata iliyochanika, ihifadhiwe.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya mahakama, lakini kesi nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza wakati shahidi alizungumza Kiswahili au lugha ya kabila lake. Mrufani asiyejua Kiingereza atafute mtu wa kumtafsiria ukurasa kwa ukurasa. Mara nyingi yeye, aliyekuwepo kizimbani, ndiye anayegundua kwamba kilichoandikwa sicho kilichosemwa.

Hatua ya tatu: jedwali la tarehe

Hii ndiyo kazi inayotenganisha rufani ya malalamiko na rufani ya hoja. Chukua karatasi kubwa, uandike kwa mfuatano, na mbele ya kila tarehe uandike ukurasa wa kumbukumbu unapoipata: siku ya tukio, siku tukio liliporipotiwa polisi, siku ambayo kila shahidi aliandika maelezo yake, siku na saa ya kukamatwa, siku na saa ya maelezo ya onyo, siku ya maelezo ya ungamo mbele ya mlinzi wa amani (hakimu anayeruhusiwa kuandika ungamo), kama yapo, siku ya kufikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza, siku maelezo ya mashahidi yaliposomwa, siku ya usikilizwaji wa awali, siku shahidi wa kwanza alipopanda kizimbani, siku ya hukumu. Kama Mkurugenzi wa Mashtaka aliwahi kuondoa kesi na mshtakiwa akakamatwa tena palepale mlangoni mwa mahakama, tarehe zote mbili ziandikwe, kwa sababu kuanza upya kwa jarada hakufuti miaka iliyotangulia.

Jedwali likikamilika utaona kwamba kuna ucheleweshaji wa aina tatu, na kila aina ina hoja zake. Kuna ule wa kati ya tukio na kukamatwa, unaogusa uaminifu wa mashahidi. Kuna ule wa kati ya kukamatwa na kusikilizwa, unaogusa vielelezo, mashahidi waliopotea na utetezi. Na kuna ule wa baada ya hukumu, ambao uzito wake huonekana zaidi pale Mahakama inapofikiria nini kifanyike iwapo kesi ilikuwa na kasoro.

Uandike pia nani aliyesababisha kila kipindi. Kama mrufani alitoroka, au wakili wake aliomba ahirisho mara tano, Jamhuri italisema hilo, na ni afadhali ulione mapema. Ila kutoroka nako kunahitaji ushahidi. Askari kusema tu kwamba mshtakiwa alikimbia kijiji hakutoshi ikiwa hakuna aliyeeleza alitafutwa wapi, lini na nani, na ikiwa mshtakiwa alikuwa akilima shamba lilelile muda wote.

Hatua ya nne: kutafuta kile ambacho miaka iliharibu

Anza na utambuzi. Kesi ya Waziri Amani, iliyoripotiwa 1980, bado ndiyo mama wa hoja hizi: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kwa asili yake, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba uwezekano wa makosa umeondolewa, kwa kuangalia mwanga, umbali, muda wa kumtazama na kama shahidi alimjua mhusika kabla. Kuanzia hapo nenda kwenye kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002, inayosema kwamba shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa ukweli wake, na kuchelewa kumtaja bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize. Linganisha tarehe ya tukio na tarehe ya maelezo ya shahidi polisi. Ikiwa shahidi anasema alimwona jirani yake akiua mwaka 2009, na maelezo yake ya kwanza yenye jina hilo ni ya 2015, hoja ipo, mradi uoneshe kwamba katikati ya miaka hiyo alikuwa na nafasi ya kusema. Na ikiwa alimtaja siku ileile na polisi hawakumkamata kwa miaka sita ilhali alikuwa akionekana, hoji jinsi Jaji alivyolitatua hilo katika hukumu.

Fuata maelezo ya onyo. Kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinatoa saa nne tangu mtu anapokuwa chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kinaruhusu kuongezwa muda usiozidi saa nane. Katika kesi ya Janta Joseph Komba, Mahakama iliyaondoa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Kuna tahadhari: muda wa kumsafirisha mshukiwa kwa shughuli za upelelezi hauhesabiwi, kwa hiyo aliyekamatwa Kigoma akapelekwa Mwanza atapambana na jibu hilo. Ungamo ambalo mshtakiwa amelikana, kwa mujibu wa kesi ya Tuwamoi ya 1967, hupokelewa kwa tahadhari, na kwa kawaida huhitaji ushahidi wa kuliunga mkono, isipokuwa mahakama ijiridhishe kabisa kwamba haliwezi kuwa jingine ila ukweli.

Kisha mashahidi waliokufa au waliopotea. Miaka ikipita, upande wa mashtaka huomba maelezo yao ya polisi yapokelewe badala ya wao wenyewe, chini ya kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi. Masharti ya kifungu hicho hufuatwa yote kwa pamoja. Miongoni mwake ni kwamba maelezo yawe yamesainiwa na aliyeyatoa, yawe na tamko lake kwamba ni ya kweli, nakala ipewe upande wa pili, na upande huo usiwe umepinga ndani ya siku 10. Sharti moja likikosekana, omba kielelezo hicho kiondolewe. Uombe hivyohivyo kwa shahidi aliyeibuka baadaye ambaye maelezo yake hayakusomwa katika mahakama ya chini na ambaye upande wa utetezi haukupewa notisi ya maandishi inayotakiwa na kifungu cha 289 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kesi zilizodumu muda mrefu zina tabia ya kuota mashahidi wapya.

Ripoti ya uchunguzi wa mwili ina sheria yake. Kifungu cha 291 cha sheria hiyohiyo ya mwenendo kinamtaka Jaji amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe. Baada ya miaka minane daktari huenda amehama au amefariki, na ripoti huingizwa na mtu mwingine kimyakimya. Angalia kama haki hiyo ilielezwa na ikaandikwa. Angalia pia kama kila hati, baada ya kupokelewa, ilisomwa kwa sauti mahakamani, kama kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003 inavyotaka. Hata hivyo, usiiegemeze rufani nzima kwenye ripoti ya daktari, maana kifo kinaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine, na mara nyingi hakuna anayebisha kwamba marehemu amekufa. Kinachobishaniwa ni nani aliyemuua na kwa nia gani.

Vielelezo vya vitu, kama panga, nguo yenye damu au simu, vifuatiliwe kwa mnyororo wa utunzaji. Kesi ya Paulo Maduka inadai kumbukumbu ya mfuatano: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alikirudisha. Kielelezo kilicholala stoo ya polisi miaka saba kina mikono mingi ya kueleza. Mahakama imelegeza sharti hili kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, kwa hiyo hoja hii ina nguvu zaidi kwa sampuli za damu kuliko kwa baiskeli.

Mwisho, utetezi wenyewe. Hapa ndipo wengi huandika maneno ya jumla, kwamba mashahidi wangu walipotea. Kama mshtakiwa alidai kwamba siku ya tukio alikuwa mahali pengine, onyesha ukurasa ambao alilisema hilo mara ya kwanza, jina la shahidi aliyemtaja, na ukurasa unaoonyesha kwamba shahidi huyo alifariki au kuhama kabla kesi haijasikilizwa. Madhara yasiyoonekana katika kumbukumbu ni vigumu sana kuyaleta kwa mara ya kwanza mbele ya Majaji wa Rufani, ingawa Kanuni ya 36 inawapa uwezo wa kupokea ushahidi wa ziada kukiwa na sababu ya kutosha.

Umri nao ni jambo ambalo ucheleweshaji hulificha. Kifungu cha 26(2) cha Kanuni ya Adhabu kinazuia adhabu ya kifo kwa mtu ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18 wakati wa kutenda kosa. Aliyekamatwa akiwa na miaka 27 kwa tukio la miaka kumi nyuma anaonekana mtu mzima mbele ya kila mtu, na hakuna anayehesabu. Hesabu, kisha tafuta cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au kumbukumbu za shule.

Hatua ya tano: kuandika hoja

Hati ya hoja za rufani hutakiwa ndani ya siku 21 tangu mrufani anapopewa kumbukumbu, na hoja za nyongeza zinaweza kuletwa kabla ya siku ya kusikilizwa. Hoja tano zilizonyooka ni bora kuliko ishirini zinazojirudia. Tazama tofauti. Hoja dhaifu husema: "Kwamba Jaji alikosea kunitia hatiani ilhali nilikaa mahabusu miaka minane bila kesi kusikilizwa." Hoja yenye mashiko husema: "Kwamba Jaji alikosea kisheria na kimantiki kutegemea ushahidi wa shahidi wa pili kuhusu utambuzi, ilhali shahidi huyo alimtaja mrufani kwa mara ya kwanza miaka sita baada ya tukio, bila maelezo yoyote ya kuchelewa huko." Ya kwanza inaeleza mateso ya mrufani. Ya pili inawapa Majaji kitu cha kuamua, na miaka ileile imo ndani yake.

Mahakama ya Rufani, ikiwa ndiyo mahakama ya kwanza ya rufani kutoka kesi iliyoanzia Mahakama Kuu, ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, kama ilivyosemwa tangu kesi ya Pandya ya 1957. Kwa hiyo usiogope kubishania ukweli wa mambo. Usisahau pia hoja ya nia: hata kama mrufani alisababisha kifo, je, dhamira ovu ya kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ilithibitishwa, au kulikuwa na ugomvi, ulevi, au kukasirishwa? Hoja hiyo ikikubaliwa, hatia hushuka hadi kuua bila kukusudia, ambako Mahakama ina uhuru wa kupanga adhabu, na hapo ndipo miaka ya mahabusu huingia katika hesabu na pengine kumtoa mtu gerezani siku hiyohiyo.

Kesi zilizosikilizwa kabla ya mabadiliko ya 2022, wakati wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na Jaji kumshauri, walikuwa wa lazima, zikaguliwe jinsi Jaji alivyowafafanulia mambo muhimu ya sheria. Iangaliwe pia iwapo Jaji alibadilika katikati bila sababu kuandikwa, jambo la kawaida katika kesi zinazovuka miaka.

Hatua ya sita: wakili

Katika rufani ya mauaji, Mahakama inaweza kumpangia mrufani wakili chini ya Kanuni ya 31, na kwa kawaida hufanya hivyo. Mawakili hao hupata jarada wakiwa wamebakiwa na muda mfupi, na baadhi hukutana na mteja siku chache kabla ya kusikilizwa. Jedwali la tarehe likiwa tayari, ukurasa mmoja, mfungwa humkabidhi wakili kazi ambayo asingepata muda wa kuifanya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo imeweka utaratibu wa watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na hukumu za Mahakama ya Rufani husomwa bure katika TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kwa hiyo ndugu mwenye simu anaweza kupakua zile zilizotajwa hapa na kuzichapisha.

Siku ya kusikilizwa

Mahakama hukaa na Majaji watatu, katika vikao vinavyozunguka mikoani. Wanasheria wa Serikali watajibu, na wakati mwingine huunga mkono rufani. Hilo likitokea, usinyamaze: Mahakama haifungwi na msimamo wao, na hoja za mrufani bado zinahitajika. Jibu kwa ufupi, taja kurasa, na ukiulizwa swali ulijibu hilo kabla ya kuendelea na lako.

Mahali ambapo ucheleweshaji husimama kwa miguu yake yenyewe ni katika suala la kesi kusikilizwa upya. Mahakama ikiona kwamba kesi ilikuwa na kasoro kubwa, hufuta mwenendo, na swali linalofuata ni iwapo iagize isikilizwe tena. Kesi ya Fatehali Manji ya 1966 inaweka msingi: kusikilizwa upya kusiagizwe ikiwa ushahidi haukutosha, wala ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo, na kila kesi itazamwe kwa mazingira yake na kwa maslahi ya haki. Basi hapo toa jedwali lako. Eleza miaka aliyokaa gerezani tangu siku ya kwanza, mashahidi waliofariki, vielelezo visivyopatikana, na udhaifu wa ushahidi unaobaki baada ya vielelezo haramu kuondolewa. Mahakama imewahi kuwaachia warufani katika mazingira ya namna hiyo badala ya kuwarudisha mwanzo. Asiyeandaa hoja hii hushinda rufani na kujikuta mahabusu tena, akisubiri kesi ileile kuanza.

Kwa wasomaji wa Kenya, sura ya mambo ni tofauti kidogo. Ibara ya 50(2)(e) ya Katiba ya 2010 inataja wazi haki ya kesi kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa kusikofaa, notisi ya rufani ni siku 14, na tangu uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017 adhabu ya kifo kwa mauaji si ya lazima, hivyo muda wa mahabusu una nafasi hata pale hatia inaposimama. Uamuzi wa Githunguri wa 1986, unaopendwa kunukuliwa kuhusu mashtaka yaliyochelewa miaka, ulisimamisha kesi kabla haijasikilizwa; kuuleta baada ya hatia ni kuchelewa.

Rufani ikikataliwa, na ikikubaliwa

Tukirudi Tanzania, rufani ikikataliwa kuna mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake, chini ya Kanuni ya 66, ndani ya siku 60, kwa sababu chache tu, kama kosa la wazi kwenye uso wa hukumu lililoleta upotofu wa haki, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Mapitio si rufani ya pili, na maombi mengi huanguka kwa kurudia hoja zilezile. Baada ya hapo unabaki msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Machi 2016 katika kesi ya Wilfred Onyango Nganyi na wenzake kwamba haki ya kusikilizwa ndani ya muda unaofaa ilivunjwa, na 2019 katika kesi ya Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi. Lakini Tanzania iliondoa tamko lake lililoruhusu watu binafsi kufungua kesi huko, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, bado hupokea malalamiko.

Ikikubaliwa, Mahakama huamuru mrufani aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Ndugu mmoja awepo siku ya hukumu, aulize kwa karani amri ya kuachiwa inapelekwa gereza gani na kwa njia gani, kwa kuwa wafungwa wa adhabu ya kifo huhamishwa mara kwa mara na amri inaweza kwenda gereza aliloliacha miaka miwili nyuma. Aende na nakala ya amri hadi lango la gereza sahihi, pamoja na nauli na nguo za kubadilisha.